Sanda ya Tumu Nimerudi Nayo

Ulikuwa ule mwaka mchele ulipotukimbia. Mnaukumbuka. Ngamiani nzima, hapa Tanga, tulifuturu muhogo na magimbi, na kwenye arusi ya mjukuu wa jirani yangu watu wakapakuliwa bada, ugali wa makopa ya muhogo, kwa mchuzi wa papa. Wakala, wakanawa, wakashukuru, na hakuna aliyenong'ona, kwa sababu kila mmoja alijua kwake kimepikwa nini. Pilau tulikuwa tunaisikia harufu tu tukipita Raskazone, kwa wenye nazo. Mwaka huo ndio niliokwenda Lamu.

Mmeniuliza kila mtu kwa wakati wake, huyu msibani, huyu sokoni, huyu nikiwa nimebeba ndoo kichwani. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini mkono unaandika na macho yaliona. Habari za hati na mihuri na tiketi siziandiki, wajukuu ndio waliozihangaikia, waulizeni wao.

NGAMIANI, KUFUNGA MZIGO

Tumu ni mdogo wangu, tumbo moja, na ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Aliolewa na seremala wa Lamu aliyekuja Tanga kutengeneza milango, akamchukua kwao, na huko Tumu akazaa, akalea, akaona wajukuu. Mumewe alipofariki nilishindwa kwenda, nilikuwa nimelazwa. Basi mwaka ule wa bada akanipigia simu. "Dada, njoo upumzike kwangu. Wewe hujapumzika tangu uzaliwe." Nikacheka, nikasema nitakuja. Kabla hajakata akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na sanda yangu uje nayo."

Hapo lazima nieleze, maana wajukuu zenu nao watasoma. Mama yetu alikuwa mtu wa kujitayarisha. Alinunua jora la bafta nyeupe akalikata sanda tatu, yake, yangu na ya Tumu. Akazifua, akazifukiza udi, akaziweka chini ya sanduku pamoja na pamba na karafuu maiti. Siku Tumu anachukuliwa na mumewe, alitaka kuondoka na yake. Mama akakataa mbele ya watu. "Simpeleki mwanangu kwa mume na sanda kama nimemtupa. Hii inabaki hapa. Siku yako ikifika utakuja kulala kwetu." Mama alishavaa yake. Zikabaki mbili, na mtunzaji ni mimi.

Kwa hiyo Tumu aliposema nije nayo, nilielewa anasema nini. Anasema harudi tena. Nilijibu inshallah, nikaweka simu, nikakaa jikoni mpaka maji yakakauka kwenye sufuria.

Lakini ni yake, na ameiomba. Nikaifunga. Na yangu nikaifunga, maana mimi sisafiri bila yangu, nisije nikawapa watu wasionijua kazi ya kutafuta kitambaa. Binti yangu Rehema alikuwa ananipangia begi la magurudumu, ananiwekea viatu vya kutembelea ufukweni. Kuona sanda akasimama. "Mama, unakwenda likizo au unahamia makaburini?"

"Nakwenda likizo. Toa hivyo viatu."

Badala ya viatu nikatia kanga doti mbili, baibui la kubadilisha, dawa za presha, halua, na mwisho kabisa mfuko wa unga wa makopa. Rehema akanishangaa. Hata mimi niliona haya. Mtu anakwenda nchi ya watu, anabeba njaa yake mkononi? Lakini Tumu aliwahi kuniambia kuwa bada ya huko haimridhishi. Nikaufunika unga kwa kanga asiuone mtu.

Pesa niligawa. Za njia kifuani, za zawadi kwenye mkoba, na pesa ya maiti, ile ya kunisafirisha na kunizika ikitokea, nikaifunga pindo la kanga mafundo mawili. Hiyo si pesa ya safari. Hiyo hata ukiona njaa huioni.

MPAKANI

Tulipita Horohoro jua limeshapanda. Kule upande wa pili vijana wa kubadilisha pesa wanakudaka kabla mguu haujagusa chini. Mmoja akachukua bunda langu, akanirudishia noti chache, nyembamba. Nikamshika shati.

"Wewe mtoto, nakupa mkungu unanirudishia ndizi?"

Watu wakacheka. "Bibi, shilingi ya huku nzito," akasema.

"Nzito wapi, mbona naishika nyepesi?"

Muuza machungwa mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyetuamua. Akaniambia kijana hajaniibia, ndivyo zilivyo, ila siku nyingine niulize watu watatu kabla sijatoa kitu kifuani. Nikamwachia shati lake. Kuomba radhi sikuomba, alinitia presha.

Halafu tukaambiwa tufungue mizigo. Afisa alikuwa kijana mrefu wa bara, mpole, uso haujazoea joto. Akatoa kanga, akatoa halua, akafika kwenye bafta.

"Mama, hii ni nini?"

"Nguo."

"Nguo gani haijashonwa?"

"Haishonwi."

"Unaenda kuuza?"

"Mwanangu, wa kuivaa hii hawezi kulipa."

Hakuelewa. Akasema kitambaa kipya kina ushuru, na mimi ninacho cha watu wawili. Akafungua na kikaratasi nilichokikunja ndani ya bafta, akaona vipande vyeupe vya karafuu maiti. Uso ukabadilika. Akamwita mwenzake.

"Hii je?"

"Karafuu maiti."

"Karafuu naijua mimi, mama. Karafuu ni nyeusi."

Wakaanza kunusa kwa zamu, na foleni nyuma yangu ikaanza kunisema. Mmoja akasema hawa mabibi ndio wanaotumiwa kubebeshwa. Mimi! Ndipo mchukuzi mmoja, Mdigo, akaweka chini gunia lake akasogea.

"Mkubwa, funga hiyo. Ni vyombo vya kuzikia. Wazee wetu husafiri navyo."

Afisa akatoa mikono kama ameshika moto. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," nikasema. "Na ushuru wa sanda sitoi. Andika unavyotaka."

Hakuandika kitu. Akaanza kuikunja mwenyewe, akakunja vibaya, nikamwacha. Aliponipa mzigo kwa mikono miwili akaniuliza taratibu, "Moja ni yako. Na hii nyingine?"

"Ya mdogo wangu."

"Mgonjwa?"

Nikaufunga mzigo upya. Nilizungumza na Tumu kila Ijumaa, na sikujua kama ni mgonjwa au mzima. Nilipanda basi na swali la yule kijana, na nikashuka nalo.

MOMBASA

Hapa ndipo nilipoharibu. Nawaambia ili msiharibu.

Tulivuka Likoni kwa kivuko, tukasimama muda mrefu kuliko safari yenyewe, na mjini nikafikia kwa mtu wa kwetu aliyeolewa Majengo. Asubuhi nikaenda kungoja basi la Lamu, nikaona mama anauza mahamri na mbaazi za nazi. Harufu ile ile ya nyumbani. Nikauliza bei ya sahani. Akataja. Nikaangua kicheko mpaka nikashika ubavu. Kwa hesabu ya Tanga, ile bei hununui hata njiti za kiberiti.

Mimi nilivyo mnanijua. Benchi lilikuwa limejaa wazee wa kungoja basi na mama mmoja na wanawe. Nikasimama. "Leo nyote wageni wangu. Mama, wapakulie."

Wakapakuliwa. Wakaniombea dua, mmoja akaniuliza kama nimetoka Uarabuni. Nikajivuna, nikanyoosha shingo. Ilipofika kulipa nikatoa noti moja, mama wa mbaazi akangoja. Nikatoa ya pili, akangoja. Alingoja mpaka za njia zikabaki chache za kulilia. Nilishawaita wageni, nitawageuka vipi? Nikalipa, nikashukuru, nikaenda kukaa pembeni na kufungua mkoba nikakuta za zawadi nazo si kitu. Kichwani nilikuwa bado nahesabu kwa shilingi zetu.

Pindo la kanga lilikuwa limenikaa ubavuni, gumu. Sikuligusa.

NJIA YA LAMU

Mvua ilikuwa imenyesha bara huko, na mto umevimba. Mbele ya Garsen basi likasimama, barabara imegeuka ziwa. Dereva akazima gari, akavua viatu, akalala. Tukajua hiyo si ya leo leo.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama wa makamo, mfanyabiashara wa viazi, akijiita Wanjiru. Tangu Mombasa alikuwa ananiita Shosho, bibi kwa lugha yao, na kuugombania mzigo wangu.

"Shosho, hiyo mfuko weka juu, upumzishe magoti."

"Hauwekwi juu."

"Ni dhahabu?"

"Ingekuwa dhahabu ningeweka juu."

Njaa ilipoanza watu wakafungua vyakula vyao, mimi nikatazama maji dirishani. Watu wa huko walikuja na maziwa na mahindi ya kuchoma, wakiyauza kupitia madirishani, mimi nikajifanya nasali. Wanjiru hakudanganyika. Akanimenyea mayai mawili na kiazi kitamu, akaniwekea mapajani. "Kula. Hata mama yangu alikuwa na kiburi hivyo hivyo."

Nikala. Na nikiwa nimekula chake, nikaona sina haki ya kumficha. Nikamwambia nimebeba nini. Akanyanyuka, akaenda kusimama mlangoni mwa basi. Nikajua nimemtisha. Akakaa huko kitambo, akarudi, akaketi.

"Huyo dada yako ameiomba mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Bado ana vitu kwa nyumba yake?"

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mama yake alianza na sufuria. Aligawa sufuria, akagawa mablanketi, akagawa kuku. Watoto wakafurahi, wakasema mama amekuwa mkarimu. Aliposalia na nguo ya mwilini akalala, hakuamka tena, na daktari hakuona ugonjwa. "Sisi tulipokea, Shosho. Kila mtu alipokea yake na kusema asante."

Hakulia. Alikusanya maganda ya mayai moja moja akayafunga kwenye gazeti. Maji yalipopungua, basi likaingia polepole, vijana wakitangulia kwa fimbo kupima kina, mpaka tukapanda upande wa pili.

LAMU

Kutoka Mokowe, basi linapoishia, unavuka kwa boti ya injini, si mbali. Mtoto mkubwa wa Tumu, Ali, alinipokea gatini na punda wa mzigo.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mama yako mzima?"

"Mzima. Ila siku hizi hana maneno."

Tumu hana maneno! Tumu aliyekuwa akianza kusema asubuhi, jioni hajafika nukta. Nilimkuta amekaa ukumbini, mgongo umeegemea ukuta. Amekonda mpaka bangili zimepanda juu ya kiwiko. Alinikumbatia, akalia kidogo, akasema, "Ndoo, dada, keti," yaani njoo kwa lahaja ya huko, akaniweka kwenye mkeka. Mkeka. Nyumba ile nilikwenda zamani, ilikuwa na kitanda cha samadari, viti, na vile vidaka vya ukutani vimejaa sahani za china. Nilitazama vidaka. Vitupu. Kimoja kina dawa ya mbu.

"Sahani zako ziko wapi?"

"Nimewapa wakwe."

"Kitanda?"

"Mjukuu ameoa."

"Sufuria kubwa?"

"Ah, dada. Mimi nampikia nani?"

Wakaleta wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilikula kwa adabu ya mgeni na kwa njaa ya njiani. Tumu alimega tonge, akalizungusha sahanini, akalirudisha.

Siku zile zote alinitembeza, na matembezi yetu, nawaapia, yalikuwa ya mahali pamoja. Kila alasiri tulikwenda makaburini kwa mumewe. Kando yake alishaweka alama ya mawe. Akanionyesha kama mtu anayeonyesha kiwanja alichonunua. "Hapa mimi." Akang'oa jani moja lililoota, akafuta mikono. Nikaona uso wake umetulia, na ule utulivu ndio ulionitia baridi.

Siku moja tuliporudi akaketi, akanyoosha mikono. "Haya dada. Nipe amana yangu."

Mzigo ulikuwa miguuni pangu. Nilishalifungua fundo. Bafta ilikuwa inaonekana. Nikamwona afisa wa mpakani akiikunja vibaya. Nikamwona Wanjiru akisema, sisi tulipokea.

Nikalifunga fundo.

"Sikupi. Ukiitaka, njoo uichukue kwetu."

Alidhani natania. "Dada, usinichezee. Ni yangu, mama alinikatia mimi."

"Alikukatia. Na akasema inakaa wapi? Ulikuwepo."

"Mume wangu yuko hapa. Wanangu wako hapa. Nani ananingoja Tanga?"

"Mimi."

"Wewe umetoka Tanga mpaka hapa kunidhulumu?" Sauti ikapanda. Ali alikuja kuchungulia, nikamwambia arudi alikotoka. "Umebeba, umevuka nchi, unanionyesha, halafu unaninyima? Tangu utoto wewe ni mnyimivu! Hata ile kanga ya arusi ya shangazi uliniazima na maneno!"

"Na ulinirudishia imeungua."

"Kufa ni kwa Mungu, si kwako!"

"Ni kwa Mungu. Simzuii Mungu, nakuzuia wewe. Umegawa kitanda, umegawa sufuria, umekaa ukutani unangoja kitambaa, mimi ndio nikuletee? Nikupe, nile wali, nirudi kwangu eti nimetoka likizo?"

Alinyanyuka. Sikuwa nimemwona akinyanyuka bila kushikwa. Alikwenda jikoni akibamiza, akarudi kuongeza neno, akaenda tena. Akakuta mfuko wa unga wa makopa niliokuwa nimeuficha huko. Halafu nikasikia, "Na huu uliuficha wa nini?" Nikasema niliuonea haya. Akasema haya nilipaswa kuonea tabia yangu. Akaazima sufuria kwa jirani, kwa kelele, ili mtaa ujue dada yake ni mtu wa namna gani, akabandika maji, akasonga bada huku ananitukana kwa Kiamu cha huko na kwa Kitanga chetu, mwiko unagonga.

Akaiepua, akaiweka kati yetu na mchuzi uliobaki. Hakunikaribisha. Akala. Alikula kwa hasira, tonge kubwa kubwa kama alivyokuwa akila utotoni tukigombea, na mimi nikavuta upande wangu kwa sababu angeimaliza. Hatukutazamana. Alipomaliza akalamba vidole, akasema, "Imekuwa nzito, unga wako haukukauka vizuri."

Nikageuza uso ukutani asinione.

KURUDI

Sitawadanganya kwamba tuliagana kwa mapenzi. Asubuhi ya kuondoka hakuja gatini. Alimtuma Ali na pesa ya kunifikisha nyumbani, maana alishajua habari ya mbaazi na kuisimulia mtaa mzima, na mkate wa mofa uliofungwa kwenye kanga yake. Kanga ile ndiyo niliyovaa juzi, mkaniuliza nimeinunua wapi. Ali akaninong'oneza kwamba mama yake ameamka mapema, ameenda kwa mkwewe kudai sufuria.

Njia nilirudi ile ile. Mpakani yule kijana mrefu alikuwa zamu. Akanitambua. Akauona mzigo, akaupima kwa macho, akaona haukupungua. Hakuniambia nifungue. "Pita, mama," akasema, na akaniamkia kama mtu wa pwani, shikamoo. Nikamwitikia.

Basi wenzangu mnaoniuliza nimeleta nini, jibu ndilo hilo. Nilitoka na sanda mbili, nimerudi na sanda mbili. Pindo langu halikufunguliwa. Mkienda nchi ya watu, bebeni kitu cha kula cha kwenu hata kama mnakionea haya, ulizeni bei mara mbili kabla ya kukaribisha benchi, na pesa ya maiti isiguswe. Mengine mtajionea.

Kuna walioniambia, na mmoja yumo humu anasoma, kwamba nimefanya dhambi kuzuia amana ya mtu. Labda. Usiku na mchana nimelifikiri, na sijui nitamjibu nini mama. Tumu anaweza kufia kule kesho, wakamzika kwa bafta ya dukani, na hii yake ikabaki imekunjwa sandukuni kwangu inanitazama. Najua. Lakini zamani alikuwa akipiga simu Ijumaa tu, kwa sauti ya mtu aliyeshaondoka. Siku hizi anapiga siku yoyote. Anapiga napika, anapiga niko msibani. Anadai. Anatukana. Jana amepiga tena, nikasikia nyuma yake sahani zinagongana.

"Dada, nisikilize vizuri. Dereva wa basi la Mombasa ni mtu wetu, mwaminifu. Mpe aniletee. Miguu yangu unaijua."

"Naijua. Ilikupeleka kudai sufuria."

Halafu akauliza, kwa ukali, kana kwamba ananiuliza kosa langu, kama lile basi la kuja kwetu Tanga bado linaondoka Mombasa asubuhi au limebadilisha saa.

Nikamwambia linaondoka asubuhi.

"Mimi sijasema nakuja," akasema. "Nimeuliza tu. Sanda yangu nataka uitume."

"Sikupi. Ukiitaka, njoo uichukue kwetu."